Stockholm, 1975: Muziki Uliogawa Taifa

Ushindi wa kundi la ABBA mjini Brighton, Aprili 1974, uliifanya Sweden kuwa mwenyeji wa shindano la nyimbo la Eurovision mwaka uliofuata. Shangwe haikuwa ya wote. Machi 1975 wanamuziki wa mrengo wa kushoto waliandaa tamasha mbadala jijini Stockholm, wakipinga sanaa kugeuzwa bidhaa. Ulf Dageby akalikejeli shindano lenyewe kwa wimbo. Hoja yao, kwa maoni yangu, ilikuwa nzito kuliko kejeli hiyo: redio na televisheni ya umma, inayoendeshwa kwa ada za wananchi, imtumikie nani? Mwaka 1976 Sweden haikushiriki kabisa. Mwaka huohuo ABBA wakatoa “Dancing Queen”.