Dawa za kupunguza asidi tumboni

Dawa za kupunguza asidi tumboni hutumika kutuliza kiungulia na kusaidia vidonda vya tumbo kupona. Ziko za makundi matatu makuu, na kila kundi huikabili asidi katika hatua yake.

Antiasidi
Hizi ni chumvi za magnesiamu, alumini au kalsiamu, za kutafuna au za maji. Huzima makali ya asidi iliyokwisha kutoka, hivyo nafuu huja kwa dakika chache lakini haikai. Magnesiamu huweza kuharisha, alumini hufunga choo. Ndiyo maana mara nyingi huchanganywa. Hushikana na baadhi ya antibiotiki, kama tetrasaiklini na siprofloksasini, zisifyonzwe vizuri; zisinywewe pamoja.

Vizuizi vya H2
Huzuia histamini isiziamuru seli za tumbo kutoa asidi. Huchelewa kuliko antiasidi, ila nguvu yake hudumu saa kadhaa. Zikitumiwa kila siku, mwili huzizoea na nguvu hupungua. Simetidini, mojawapo ya dawa za kundi hili, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. James Black, aliyeongoza ugunduzi wake, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988. Ranitidini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu wa NDMA, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani. Famotidini bado inatumika.

Vizuizi vya pampu ya protoni
Omeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na esomeprazoli hufunga pampu inayomwaga asidi tumboni. Ndizo zenye nguvu zaidi, lakini huchukua siku kadhaa kufikia kilele. Kwa kuwa chakula ndicho kinachoziamsha pampu, dawa humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Matumizi ya muda mrefu yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na magnesiamu, na kuvunjika mifupa.

Uchaguzi
Kiungulia cha mara mojamoja hutulizwa na antiasidi. Kinachorudi kila wiki huhitaji ushauri wa daktari. Kidonda kilichotokana na bakteria Helicobacter pylori hakitibiwi kwa kupunguza asidi pekee: omeprazoli au mwenzake huambatana na antibiotiki, na dozi imalizwe. Anayetapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kumeza kwa shida au kukonda bila sababu asiendelee kununua vidonge dukani, awahi hospitali.