Pai ya epo, na michembe ya Bibi

Jamani, nilipotea kidogo. Nilikuwa Geita kikazi, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, halafu nikapitia Shinyanga kumsalimia Bibi. Mlitegemea niandike habari za dhahabu. Samahani, leo ni chakula.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu wa kike alitaka kupika pai ya matufaha, yaani epo, kama aliyoiona kwenye filamu. Epo Shinyanga zipo, ila zimesafiri toka Afrika Kusini na zinauzwa moja moja. Nilipopiga hesabu ya pai moja nikaona bora ninunue kuku. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, hilo tunda linafanya kazi gani humo ndani?" Nikamwambia linaleta utamu, ulaini na uchachu kidogo. Akaingia ndani, akatoka na michembe na ukwaju. Nikacheka.

Baadaye nilisoma historia ya hiyo pai, kicheko kikaisha.

Tufaha lenyewe si la Wamarekani. Asili yake ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan ya leo. Waingereza wana maelekezo ya pai yake ya mwaka 1381: matufaha, tini, mapea, zabibu kavu na zafarani. Sukari hakuna. Ganda lake waliliita kwa neno ambalo leo kwao ni jeneza, maana lilikuwa sanduku la unga la kutunzia kilichomo. Mwaka 1796 Amelia Simmons akachapisha American Cookery, na pai ya matufaha imo. Kwa miezi ya baridi, walowezi kule walikata matufaha vipande, wakayakausha na kuyaweka akiba.

Kukata, kukausha, kuweka akiba. Msukuma yeyote anaijua kazi hiyo. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Ukivichemsha kwanza, hayo ni matobolwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na zikigoma ndipo unajua nani alianika na nani alilala. Baba yangu alikuwa mtoto wakati wa ukame wa 1973 na 1974. Anasema waliamka na michembe, wakalala na michembe.

Sasa sikia hii. Marekani ilipokuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, kitabu kimoja cha mapishi kilitoka Richmond mwaka 1863 kikiwa na pai ya epo isiyo na epo. Unaloweka biskuti kavu, unatia sukari, siagi, kungumanga na kijiko cha asidi ya tartari ili ichachuke. Asidi hiyo ndiyo hasa inayoufanya ukwaju uwe mchachu. Bibi hajasoma kemia hata siku moja.

Basi tukapika. Michembe tukaichemsha mpaka ikalainika, tukaweka sukari, maji ya ukwaju na mdalasini. Ganda la kwanza dada alichanganya ngano na mtama nusu kwa nusu, likamomonyoka lote, maana mtama hauna mnato wa ngano. La pili tukatia ngano tupu na siagi, likashika. Oveni hatuna: sufuria juu ya jiko, makaa mengine juu ya mfuniko. Mchanganyiko uliobaki tukaujaza kwenye manda za sambusa, tukakaanga. Kusema kweli sambusa zilishinda pai.

Wala si ajabu. Sambusa yenyewe jina lake limetoka Uajemi, na hapa kwetu kwenye mashamba ya dengu utaikuta imejazwa dengu. Miji ya madini ndivyo ilivyo. Tangu Mkanada John Williamson agundue almasi Mwadui mwaka 1940, mpaka mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, watu wanafika na hamu ya chakula cha kwao, wanapika kwa kilichopo.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu nilipokuwa bweni Bibi alinipa mfuko wa michembe, nami nikauficha chini ya kitanda. Nilikula usiku, taa zikishazimwa, nisiitwe mshamba. Chakula kilichomwokoa baba yangu nilikionea aibu, huku nikitamani pai ambayo wenyewe waliipika kwa biskuti walipobanwa. Na hata kiazi kitamu ni mgeni, kimetoka Amerika! Tofauti ni kwamba wao makombo ya shida yao wameyaandika kitabuni, sisi ya kwetu tunayaficha uvunguni.

Bibi alionja kipande, akatafuna polepole, akasema, "Hii si michembe tu?" Akaongeza kipande cha pili.

Haya, na wewe kwenu mlikausha nini? Kaulize kabla bibi zako hawajaondoka nayo.