Safu ya Lugha: Kisichohesabika na Kisicho na Kikomo

Kijana mmoja alikuwa akinisimulia "Maktaba ya Babeli", hadithi ya Jorge Luis Borges ya 1941 ambamo ulimwengu mzima ni maktaba. "Vitabu vyake havina kikomo," akasema. Nikamkatiza: vinacho! Kila kitabu kina kurasa 410, kila ukurasa mistari 40, kila mstari herufi kama 80, na alama zote ni 25 tu. Jumla ya vitabu tofauti vinavyowezekana inatisha, lakini ina mwisho.

Tunayachanganya maneno haya kila siku. "Kisichohesabika" kina mzizi wa Kiarabu, hesabu: ni kile kinachomchosha mwenye kuhesabu, kama mchanga wa ufukweni. "Kikomo" kimezaliwa na kitenzi chetu "koma". Kisicho nacho hakikomi hata ukipewa umri wa dunia. Watao wa Uchina nao wana maneno mawili. "Vitu elfu kumi" ni vyote vilivyopo, kwa lugha ya wingi tu. "Wuji" ndiyo hali isiyo na kikomo.

Wanahisabati wamekaza zaidi. Namba 1, 2, 3 na kuendelea hazikomi, ila zinapangika foleni. Lakini mwaka 1874 Georg Cantor alithibitisha kwamba namba zote zilizo kati ya 0 na 1 hazipangiki kabisa. Kwao, hizo za pili ndizo zisizohesabika.

Basi tusiseme foleni ya magari haina kikomo. Inacho, inakera tu.