Samaki Aliyepandishwa Maporomoko

Mwongozaji wetu alitupa sheria tatu kabla hatujaingia kwenye boti. Usisimame ukingoni ukiangalia simu, maana mamba hana haraka. Usiingize mkono majini kuosha chochote. Na ukimpata samaki, ni wa picha tu, kisha anarudi.

Hiyo ya tatu ndiyo ilinichekesha. Mimi nimelelewa Kisumu. Kwetu mbuta harudi majini, mbuta anaenda kwa sufuria.

"Cheka tu, dada," mzee akasema. "Hapa mtu anatoka Ulaya, analipa, anamvua, anambusu, anamwachilia. Kesho anarudi kumtafuta tena."

Tulikuwa Paraa, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwenye mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Safari yenyewe haikuwa yangu. Rafiki yangu anayefanya kazi Kampala alikuwa amelipia nafasi mbili na mwenzake akaghairi dakika za mwisho, hivyo nikajikuta nimeshika ufito wa kuvulia wenye bei inayozidi kodi yangu ya nyumba.

Tuliwahi asubuhi. Kadiri unavyopanda mto ndivyo povu linavyoongezeka, vipande vyeupe vikielea kama sabuni ya kufulia, na unasikia ngurumo muda mrefu kabla ya kuona chochote. Halafu unaona. Nile yote, ile iliyotoka Ziwa Victoria pale Jinja na kupitia Ziwa Kyoga, inabanwa kwenye mwanya wa mawe wenye upana wa kama mita 7, kisha inaporomoka zaidi ya mita 40. Chini ya hapo maji yamejaa hewa, samaki wadogo wanapelekwa na mkondo, na mbuta wanajibanza nyuma ya mawe wakisubiri. Wengine wana uzito wa zaidi ya kilo 100. Hao ndio wanaowatoa watu Ulaya.

Mzee akanyoosha kidole juu ya maporomoko. "Zamani, kule juu hakukuwa na huyu samaki. Hata mmoja."

Nilijua hilo nusunusu, kama unavyojua mambo ya shule. Sikuwa nimewahi kusimama mahali penyewe na kuelewa. Mbuta ni samaki wa Nile ya chini, wa Ziwa Albert, wa Turkana, wa Chad. Kwa maelfu ya miaka ukuta huu wa maji ulimzuia kupanda hadi Kyoga na Victoria. Kule juu wakabaki ngege, ningu na fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliogawanyika kuwa mamia ya aina zisizopatikana kwingine duniani. Sasa huyo mbuta alifikaje kwenye sahani yangu Dunga? Mbona hakuna samaki anayeweza kuruka mita 40?

Alibebwa. Lakini kabla ya kubebwa kuna historia ya mto wenyewe, na hapo ndipo vipeperushi vya watalii huanza kudanganya.

Vipeperushi vinasema mto huu "uligunduliwa" mwaka 1864 na Samuel Baker, Mwingereza aliyepita hapa na Florence, akayapa maporomoko jina la Roderick Murchison, rais wa chama cha wanajiografia cha London. Baker alifika kwa mtumbwi kutoka Ziwa Albert, na mtumbwi huo haukujipiga kasia. Waliokuwa wanapiga kasia walikuwa wenyeji, watu waliojua kona zote za mto na viboko wake, na jina hata moja lao halikuwekwa kwenye ramani. Ukitaka kujua safari za kuongozwa mto huu zilianza lini, zilianza hapo: mgeni amekaa katikati ya chombo, mwenyeji anajua njia, na baadaye kitabu kinaandikwa na yule aliyekaa.

Vipeperushi pia vinapenda neno "pori". Eti hapa ni pori tangu Adamu. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoua watu wengi Uganda, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa eneo hili. Vijiji vikabaki mahame, wanyama wakaongezeka, na penye mahame pakafanywa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1952 ikawa mbuga ya taifa. Kwa hiyo upweke huo unaoupiga picha una tarehe yake.

Miaka hiyo ndipo Murchison ikawa jina la mjini. Mwaka 1951 watu wa sinema walikuja kupiga picha za The African Queen. Januari 1954 Ernest Hemingway, mvuvi wa ndoana maarufu kuliko wote, alipita juu ya maporomoko kwa ndege ndogo, ikagonga waya wa simu, ikaanguka. Akaokolewa na boti, akapelekwa Butiaba, akapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yakamtangaza amekufa. Hakuwa amekufa.

Mwaka huohuo wa 1954 kitu kidogo zaidi kilitokea, na hakuna gazeti lililokiandika.

Kwa muda mrefu wakoloni walikuwa wakibishana kuhusu kumleta mbuta Ziwa Victoria. Nyavu za kisasa zilikuwa zimeingia tangu 1905 na ngege alikuwa anapungua. Mwaka 1929 Michael Graham, aliyetumwa kuchunguza uvuvi wa ziwa lote, alionya waziwazi: kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine ni hatari kubwa. Upande wa pili walikuwapo maafisa wa idara ya wanyama na uvuvi ya Uganda, ambao waliona fulu ni takataka zenye miiba, bora ziliwe na samaki mmoja mnono anayefaa sokoni. Na pia, tusifichane, anayefaa kwa mchezo wa ndoana. Hawa ni ndugu wa kifikra wa Ewart Grogan, aliyeleta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti mwaka 1905 akawatia kwenye mto Gura kule Aberdare, kwa sababu mto usio na samaki wa kwao ulionekana kwao kama nyumba isiyo na viti.

Wanasayansi wa Jinja wakakataa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alichapisha makala akieleza kwa nini wazo hilo ni baya. Mwaka uliofuata A.M. Anderson akamjibu kwamba ni zuri. Ukisoma mjadala huo leo unashika kichwa, maana samaki alikuwa ameshaingia. Miaka mingi baadaye mtafiti Robert Pringle alimhoji J. Ofulla Amaras, aliyekuwa mfanyakazi wa idara ile ya Uganda, na mwaka 2005 akachapisha alichosimuliwa: Amaras alisema mwaka 1954 alitumwa na wakubwa wake kuwatoa mbuta Ziwa Albert na kuwamwaga Jinja, kimyakimya. Mwaka 1962 na 1963, mbuta wakiwa tayari wanaonekana ziwani, serikali zikaamua bora kuhalalisha, zikamwaga wengine Entebbe na Kisumu.

Namfikiria sana huyo Amaras na samaki wake. Ni mzigo mdogo tu. Tena ameagizwa na bosi. Wewe ungekataa?

Yaliyofuata nyumbani mnayajua. Kwa karibu miaka 20 mbuta hakuonekana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka, na fulu wakatoweka, aina karibu 200 kwa makadirio ya wataalamu. Kwanza watu hawakumpenda, ana mafuta mengi. Hata kumwanika juani haiwezekani, lazima umkaushe kwa moshi au umkaange, na kuni zikakatwa. Halafu viwanda vya kusafirisha minofu vikaja, pesa zikaja, bei ikapanda hadi mvuvi mwenyewe akashindwa kumla samaki wake. Sitadai mbuta alileta njaa tupu. Karo yangu ililipwa na mbuta. Mama yangu hataki kusikia mtu wa Nairobi akimtukana huyo samaki.

Saa nne hivi mshipi wa rafiki yangu ulikazika. Alipigana naye dakika ishirini, mzee akimwelekeza kwa sauti ya chini, "mwachie kidogo, sasa vuta, mwachie." Alikuwa wa kama kilo 30, macho yanang'aa kama taa. Picha. Kisha mzee akapiga magoti juu ya jiwe, akamshika kwa mikono miwili, kichwa kikielekea mkondo, akasubiri apate pumzi. Mkia ukapiga mara moja, akazama.

"Huko kwenu mnamlaje?" mzee akaniuliza akijifuta mikono.

Nikamwambia kuhusu mgongo wazi. Kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, vikikaangwa vizuri mpaka vikauke, unauziwa kando ya barabara. Ni vitamu.

Akanitazama kama namtania. "Na nyama?"

"Nyama inapanda ndege, mzee."