Prof. Mmari: Aliyeongoza vyuo vikuu vitatu vya umma

PROFESA Geoffrey Mmari ana nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya juu nchini. Aliongoza vyuo vikuu vitatu vya umma, na katika viwili kati ya hivyo alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza.

Mmari, ambaye taaluma yake ni ufundishaji wa hisabati, alikabidhiwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kilipoanzishwa Julai 1984. Awali kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki dunia kwa ajali ya gari mkoani humo Aprili 12 mwaka huo.

Mwaka 1988 alihamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kumrithi Nicholas Kuhanga. Kipindi hicho hakikuwa chepesi: mwaka 1990 Serikali ilikifunga chuo kutokana na mgogoro wa wanafunzi. Mwaka 1991 nafasi yake ilichukuliwa na Profesa Matthew Luhanga.

Wakati huo kamati iliyoongozwa na Kuhanga ilikuwa imependekeza chuo kitakachofundisha kwa masafa. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1992, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza chini ya Mmari. Alikiongoza hadi mwaka 2005, alipopokewa na Profesa Tolly Mbwette.

Kwa wakazi wa wilaya za pembezoni, kazi hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Mwalimu wa Tarime au Mugumu, Serengeti, aliyetaka shahada ya Dar es Salaam alilazimika kuliacha darasa na familia, akasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kukaa huko miaka kadhaa. Kwa utaratibu wa huria, hujisajili kupitia kituo cha Mkoa wa Mara kilichopo Musoma na kusoma huku akiendelea na kazi. Hata hivyo, huria si wepesi: anayejisomea baada ya saa za kazi hana wa kumsukuma ila nafsi yake.

Mwaka 1995 Mmari alihariri, pamoja na Colin Legum, kitabu kuhusu Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoani Mara, aliyeamini kwamba elimu haina mwisho.