Mchanga, tope na mvua ya kwanza: azoti katika mito ya Bukavu na uwanda wa Ruzizi

Mvua ya kwanza ya Septemba ikishuka, mito inageuka rangi kwa muda mfupi. Watu wanaona wekundu wa udongo na kusema maji yatatulia kesho. Yanatulia kweli, lakini ndani yake kunaweza kubaki kitu kisicho na rangi, harufu wala ladha: nitrati. Hii ni aina moja ya azoti, ile ambayo vitabu vya Tanzania na Kenya vinaiita nitrojeni. Na sehemu yake ilikuwa imelala chini ya mto tangu kiangazi.

Azoti inaingia mtoni kutoka vyoo, mikojo, kinyesi cha ng'ombe na urea ya mashambani. Kwanza inakuwa amonia. Bakteria wanaohitaji oksijeni wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo haishikwi na udongo: inakwenda popote maji yanakokwenda.

Hapo njo kazi ya mchanga inaanza. Maji ya mto hayapiti juu tu. Sehemu yake inazama, inatembea polepole kati ya chembe za mchanga, halafu inatokea tena mbele. Kwenye tabaka la juu oksijeni iko, kwa hiyo amonia inageuka nitrati. Chini zaidi oksijeni inaisha, na bakteria wengine wanaanza kutumia nitrati mahali pa oksijeni. Mwishowe azoti inatoka kama gesi na kurudi hewani, ambako ni 78% ya hewa tunayovuta. Mto umejisafisha bila mashine. Lakini lazima maji yapite, yasikimbie sana, na bakteria wapate chakula, kwa mfano majani yaliyooza.

Mtu anaweza kudhani basi kila tope linasaidia. Hapana. Katika mito ya mjini kama Kawa, inayoteremka mpaka Ziwa Kivu, tope zito lililochanganyika na taka na sacheti linaziba nafasi kati ya chembe. Oksijeni haiingii, kwa hiyo amonia haigeuki nitrati. Hatua ya kwanza ikikosekana, ya pili haina kitu cha kufanyia kazi. Amonia inavuja tu na kuteremka ziwani.

Ruzizi yenyewe inatoka ziwani hapa Bukavu, mita 1.460 hivi juu ya bahari, na inashuka mpaka Tanganyika, mita 770 hivi. Haikauki, kwa sababu ziwa linaitunza. Vijito vya uwanda wake ni habari nyingine. Kule Luvungi na Sange kuna ukavu kuliko Bukavu, na kuanzia Juni vijito vingi vinapungua, vingine vinabaki madimbwi. Ng'ombe wanashuka humo kunywa, na wanayoacha yanabaki palepale.

Mchanga ukikauka, hewa inaingia. Amonia inaendelea kugeuka nitrati, lakini wale bakteria wa kuitoa hewani hawafanyi kazi: oksijeni imejaa na maji hakuna. Wengine wanakufa, na miili yao ni azoti pia. Akiba inajikusanya wiki baada ya wiki. Mvua ya kwanza inalowesha vyote mara moja, na mafuriko yanapita mbio kuliko bakteria wanavyoweza kufanya kazi. Njo maana maji ya mvua ya kwanza ni ya kuogopwa kuliko ya katikati ya masika.

Kwa mtu mzima mwenye afya hatari ni ndogo. Kwa mtoto mchanga, hasa wa chini ya miezi sita anayepewa maziwa ya kukoroga na maji, si ndogo. Nitrati inageuka nitriti tumboni, damu inashindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zinakuwa za bluu au kijivu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe sentre ya afya mara moja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita. Na hapa mazoea ya kupigana na kolera hayatoshi: klori inaua vijidudu, haiondoi nitrati. Kuchemsha vilevile, maji yakipungua kwenye sufuria, nitrati inabaki na kila lita inakuwa nayo zaidi. Maziwa ya mama ni salama.

Kwa wale wanaochota mtoni, afadhali bidoni zijazwe kabla ya mvua ya kwanza, au maji ya mafuriko yaachwe siku kadhaa yapite. Shimo la kuchota ndani ya mchanga lichimbwe juu ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa, si chini yake. Mkulima agawe urea kidogo kidogo, asiimwage siku mawingu mazito yanapoonekana.

Iko pia biashara ya mchanga wa kujengea. Ukichotwa wote mpaka mwamba au udongo mgumu, maji hayana tena pa kuzama, na mto unabaki mfereji tu. Kenya, kaunti ya Makueni, yenye mito inayokauka pia, ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015. Kule sababu kubwa ilikuwa maji: mchanga unayahifadhi wakati juu kumekauka. Usafishaji wa azoti unafanyika ndani ya mchanga huohuo.