Akwaria ya matumbawe

Akwaria ya matumbawe ni tangi la maji ya chumvi ambamo matumbawe hai hufugwa pamoja na samaki, konokono, kamba na viumbe wengine wa mwambani. Inatofautiana na akwaria ya kawaida ya samaki wa baharini kwa sababu anayetunzwa kwanza ni tumbawe, mnyama anayehitaji mwanga mkali, maji safi yenye mkondo na hali isiyobadilikabadilika. Makala hii inahusu hasa akwaria ndogo ya nyumbani, yaani ya lita 40 hadi 120 hivi.

Wanaoanza mara nyingi huchagua tangi dogo kabisa wakidhani ni rahisi kulitunza. Ukweli ni kinyume chake. Maji yanapopungua kwa kugeuka mvuke, chumvi haiondoki, inabaki tangini. Tangi la lita 20 lenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita likipoteza lita moja tu, chumvi hupanda hadi karibu gramu 36.8 kwa lita. Tangi la lita 100 likipoteza lita hiyohiyo, chumvi hufika gramu 35.35 tu. Ndivyo ilivyo pia kwa joto, sumu na chakula kilichozidi: maji mengi husamehe kosa, maji machache hayasamehi. Kwa sababu hiyo tangi la sentimita 60 kwa 45 kwa 40, lenye ujazo wa lita 108, ni mwanzo mzuri kuliko bakuli la mezani.

Tumbawe kama mfugwa

Tumbawe huonekana kama jiwe au mmea, lakini ni mnyama wa ukoo mmoja na kiwavuwavu na anemoni. Mwili wake ni mkusanyiko wa polipi, yaani vijinyama vyenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Ndani ya tishu zake huishi mwani wa seli moja ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha tumbawe. Ndiyo maana matumbawe mengi hayawezi kuishi bila mwanga hata yakilishwa.

Matumbawe magumu hujenga mifupa ya kalsiamu kabonati, kitu kilekile kilichomo katika mawe yaliyojengea nyumba za kale za Lamu na Unguja. Matumbawe laini hayana mifupa ya namna hiyo, na kwa kawaida huvumilia makosa zaidi.

Joto likizidi kwa muda, tumbawe humtema mwani wake na kubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Jambo hilohilo hutokea tangini, ila hapo hulisababishwa na feni iliyozimika au dirisha linaloingiza jua la mchana.

Historia

Mwaka 1846 Anna Thynne, Mwingereza, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akayaweka nyumbani kwake London. Maji yalikuwa yakimwagwa na kurudishwa kwa mkono ili yapate hewa, kazi iliyofanywa na mtumishi wake. Kitabu cha Philip Henry Gosse kuhusu akwaria, kilichotoka mwaka 1854, kiliwafanya Waingereza wengi waanze kufuga viumbe wa baharini majumbani.

Matumbawe ya maji ya joto yalibaki magumu kufuga kwa zaidi ya miaka mia moja. Hatua kubwa ilitoka Indonesia, ambako Lee Chin Eng alieleza mwaka 1961 jinsi alivyotumia mawe hai kutoka baharini, mwanga wa kutosha na viputo vya hewa bila vichujio vikubwa. Karibu mafundi wote wa leo wanajenga juu ya wazo hilo: jiwe lenyewe ndilo kichujio.

Tangi na mahali pake

Tangi la lita 108 likijaa maji, mawe na mchanga huwa na uzito wa zaidi ya kilo 130. Meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Kinahitajika kibao imara kilicho sawa kabisa, ambacho huthibitishwa kwa pima maji ya mwashi kabla ya kujaza, kwa sababu kioo kilichopinda hupasuka baadaye. Mahali pawe mbali na dirisha la jua, jiko na dawa za kuua wadudu zinazopulizwa. Dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani inaweza kuua kamba na kaa wote kwa usiku mmoja.

Kila waya unaotoka tangini ushuke chini ya soketi kwanza halafu upande, ili matone yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kikata umeme kinachozima chenyewe pale umeme unapovuja si anasa, na mkono usitiwe majini kabla ya kuzima vifaa.

Maji

Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na madini mengine, siyo chumvi ya kawaida peke yake. Hutumika chumvi maalumu ya akwaria, ambayo huchanganywa kwa kiasi cha gramu 35 hadi 38 kwa lita kulingana na maelekezo ya pakiti. Maji ya kuchanganyia yawe yamechujwa kwa mashine ya utando laini unaoondoa karibu madini yote. Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini, nitrati, fosfati na shaba, na shaba hata kidogo ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Mchanganyiko hukorogwa kwa pampu kwenye ndoo kwa siku nzima. Chumvi isimwagwe moja kwa moja kwenye tangi lenye viumbe.

Anayeishi pwani anaweza kuchota maji ya bahari, mradi achote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mdomo wa mto na mabomba ya maji taka. Baada ya mvua za masika maji ya karibu na ufuo huwa na chumvi pungufu na matope mengi, hivyo lazima yapimwe.

Chumvi hupimwa kwa hidromita au, vizuri zaidi, kwa refraktomita. Lengo ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo ni uzito linganifu wa takriban 1.025 hadi 1.026. Vipimo vingine vinavyofaa ni joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, pH ya 8.0 hadi 8.4, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu kati ya 1,250 na 1,350. Kuishika namba ilivyo ni muhimu kuliko kukimbilia namba iliyo bora. Tumbawe lililozoea nyuzi 27 huumia zaidi kwa kushushwa ghafla hadi 24 kuliko kwa kuachwa pale lilipo.

Maji yaliyogeuka mvuke hujazwa kila siku kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hapa wanafunzi wengi wa kazi hii hukosea: wanajazia maji ya chumvi, na baada ya mwezi tangi lao limekuwa chungu cha brini.

Mawe hai na mzunguko wa nitrojeni

Mawe hai ni vipande vya miamba vyenye vitundu vingi ambamo bakteria wamefanya makao. Siku hizi hutumika pia mawe makavu ambayo hupandikizwa bakteria. Hupangwa moja kwa moja juu ya kioo cha chini na kuachiwa mapango ya maji kupita, kisha ndipo mchanga humwagwa kuyazunguka. Yakiwekwa juu ya mchanga, kiumbe anayechimba atayaangusha.

Baada ya hapo tangi halitiwi samaki. Kila mzoga, kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni ya juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo huwa katika umbo linaloua kuliko ilivyo katika maji ya mto yenye pH ya chini. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Bakteria hawa wapo, lakini wachache, na huongezeka polepole.

Ili kuwalisha, huwekwa kipande kidogo cha kamba mbichi au tone la amonia safi, kisha maji hupimwa kila baada ya siku mbili. Kwanza amonia hupanda. Inapoanza kushuka, nitriti hupanda. Nayo ikishuka, nitrati huonekana. Kazi imekamilika pale amonia na nitriti zote mbili zinaposomeka sifuri, hata baada ya kuongezwa chakula kingine. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Katika muda huo maji yanaweza kuwa maangavu kabisa huku yakiwa na sumu, kwa hiyo macho hayatoshi kupima. Samaki wengi wanaokufa katika wiki ya kwanza ya mfugaji mpya hufa hapa.

Mzunguko ukiisha, mawe hufunikwa na utando wa kahawia, kisha mwani wa kijani. Ni hatua ya kawaida, na hupungua konokono wanapoingia.

Mwanga, mkondo na joto

Taa za LED zenye sehemu kubwa ya mwanga wa buluu hutumika kwa saa 8 hadi 10 kwa siku. Zianze kwa nguvu ndogo na kuongezwa kwa wiki kadhaa. Pampu moja au mbili ndogo huyatembeza maji ili yalete chakula na kuondoa taka juu ya tumbawe.

Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam tatizo ni kupoza. Feni inayopuliza juu ya maji huweza kushusha nyuzi mbili au tatu, ila huongeza mvuke, kwa hiyo kujazia maji baridi nako huongezeka. Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inunuliwe kabla ya samaki.

Viumbe

Hutangulia konokono wala mwani. Baada yao huja matumbawe laini na viumbe jamaa zake wenye uvumilivu kama Discosoma, Zoanthus na Sarcophyton, kimoja kimoja, kwa nafasi ya wiki kadhaa. Matumbawe magumu ya matawi yasubiri hadi tangi limetimiza takriban mwaka mmoja, kwani hula kalsiamu na kuushusha ualkali wa maji haraka.

Kwa tangi la lita 108 samaki wawili au watatu wadogo wanatosha. Samaki wa anemoni, Amphiprion ocellaris, huzalishwa kwa wingi na wafugaji na huishi vizuri bila anemoni. Wote huzaliwa wakiwa dume. Katika jozi, mkubwa hugeuka kuwa jike. Vitatange wengi hula polipi za matumbawe, na kangaja huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi dogo halina, hata kama anauzwa akiwa na urefu wa kidole.

Kila wiki hubadilishwa asilimia 10 ya maji. Kwa tangi la matumbawe laini, mabadiliko hayo peke yake hurudisha madini yaliyotumika.

Sumu ya palitoksini

Baadhi ya Palythoa na Zoanthus wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotokana na viumbe. Watu wamelazwa hospitali baada ya kuchemsha mawe yenye viumbe hao au kuyasugua bila kinga, wakivuta mvuke wake. Dalili ni homa, kikohozi, kupumua kwa shida, maumivu ya misuli na ladha ya chuma mdomoni. Mawe hai yasichemshwe kamwe, na glavu na miwani zivaliwe wakati wa kukata polipi.

Sheria na mazingira

Matumbawe magumu yote pamoja na makombe makubwa ya Tridacna yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Katika hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968 au Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kung'oa tumbawe hakuruhusiwi. Wafugaji wengi leo hupeana vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe yaliyokuzwa tangini.

Anayeacha kazi hii ampe mfugaji mwingine viumbe wake, asiwamwage baharini. Samaki wa jenasi Pterois, wenye asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, walionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika walitolewa kwenye akwaria. Sasa wameenea Karibi nzima na kula samaki wachanga wa miamba ya huko.